Baba amezimika jicho ghafla: kwa nini wampime altrasaundi ya jicho, shingo na moyo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Usa River kuhusu baba yangu, ana miaka 68 na presha ya siku nyingi. Jumapili asubuhi akiwa anakunywa chai alisema jicho la kulia limezimika kama mtu kazima taa. Halikumuuma hata kidogo. Jicho hilo lina mtoto wa jicho na alikuwa anasubiri upasuaji, tukadhani limeiva ghafla. Zahanati walitupa dawa ya matone. Jumatatu tukampeleka hospitali Moshi. Huko walimpaka jeli juu ya kope wakampima altrasaundi, kisha wakampima shingo, na sasa wanataka apimwe moyo. Karatasi imeandikwa: kitone king'aavu ndani ya neva ya jicho la kulia, mtiririko wa damu hauonekani kwenye ateri kuu ya retina, karotidi ya kulia kasi ya sentimita 280 kwa sekunde. Wanasema ni kiharusi cha jicho. Kaka yangu anasema altrasaundi ni ya wajawazito na hawa wanatutafutia bili, eko ya moyo tuiache. Vipimo hivi vina maana? Mionzi yake haitaliharibu jicho zaidi? Na baba ataona tena?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni sana, na mfikishie baba pole zangu.

Nianze na kaka yako, maana hoja yake naisikia karibu kila wiki na simlaumu. Mtu aliyelipia vipimo viwili kwa siku moja, akaambiwa kipo cha tatu, ana haki ya kuuliza kila kimoja ni cha nini. Jibu langu ni kwamba vyote vitatu ni kazi moja. Daktari wenu anaifuata damu kutoka jichoni kurudi inakotoka, ili ajue kilichoziba jicho la baba kiling'oka wapi. Kilikong'oka hicho huenda vingine vimebaki vikisubiri, na kinachofuata hakina lazima ya kwenda jichoni.

Mko Usa River, mfereji mnaujua. Maji yanatoka mtoni kwenye banio, yanaingia mfereji mkuu, yanagawanyika na kugawanyika tena hadi kwenye kishamba cha mwisho. Kishamba hicho kikikauka ghafla na majirani wote wana maji, hakuna mkulima anayekaa akaitazama migomba. Anachukua jembe, anapanda na mfereji. Akikuta majani yamekaba mdomo wa mfereji wake mdogo, bado hajamaliza. Anaendelea kupanda, aone kama ukingo umebomoka huko juu, au kama banioni kuna takataka zinazoingia kila maji yakijaa. Asipofanya hivyo atazibua leo, na kesho itaziba tena, pengine kwa jirani.

Damu ya jicho inasafiri hivyo hivyo. Moyo ndio banio. Kutoka hapo damu hupanda shingoni kwa ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, kubwa inayoitwa karotidi, ile unayoisikia ikidunda ukiweka vidole pembeni ya koo. Karotidi inagawanyika mara mbili, tawi la nje likilisha uso na tawi la ndani likielekea ubongoni. Likishaingia ndani ya fuvu, tawi hilo la ndani hutoa ateri ya jicho, na ateri ya jicho hutoa kamshipa kembamba kasikofika hata robo ya milimita kwa upana. Kamshipa hako huingia katikati ya neva ya jicho kama sentimita moja nyuma ya jicho lenyewe, kakaenda kuilisha retina, ile ngozi laini ya ndani inayopokea mwanga. Hako ndiko ateri kuu ya retina, na ndiko kalikoziba kwa baba. Angalia lakini: njia iliyopeleka chenga jichoni ndiyo hiyo hiyo inayolisha ubongo. Kwa sababu hiyo wanaita kiharusi cha jicho. Hawatafuti neno la kutisha. Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2021 kwamba kuziba kwa ateri hii kuhesabiwe kuwa kiharusi kamili na kushughulikiwa kwa haraka ile ile ya kiharusi cha ubongo.

Sasa hilo la mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hampofushi mtu kati ya kikombe kimoja cha chai na kingine. Ni ukungu unaoingia kwa miezi na miaka, mgonjwa anaanza kulalamikia taa za magari usiku, kisha nyuso, kisha njia. Jicho linalozimika kwa dakika, bila maumivu, ni jambo jingine kabisa hata kama lilikuwa na ukungu tangu zamani. Ningependa kila zahanati kati ya Arusha na Moshi ilijue hilo, kwa sababu matone kwa mgonjwa wa namna hii hayasaidii lolote, na wakati unaopotea ni ule ambao haurudi.

Ila huo mtoto wa jicho ndio uliofanya altrasaundi iwe ya lazima kwa baba kuliko kwa mgonjwa mwingine. Njia yetu ya kwanza ya kuutambua ugonjwa huu ni macho yetu wenyewe: tunapanua mboni kwa dawa, tunamulika, tunaitazama retina. Albrecht von Graefe wa Berlin aliueleza ugonjwa huu mwaka 1859, miaka minane tu baada ya mwanasayansi Mjerumani Helmholtz kuwatangazia madaktari kifaa cha kutazama ndani ya jicho. Alichokiona ndicho tunachokitafuta mpaka leo. Retina iliyokosa damu inapauka, inakuwa kama maziwa, na katikati panabaki doa jekundu, kwa sababu hapo retina ni nyembamba na wekundu wa tabaka la nyuma yake, linalopata damu kwa njia nyingine, unaonekana. Ukiliona doa lile huna haja ya kubishana. Lakini kifaa cha von Graefe, na vyetu vya sasa, vinahitaji njia iliyo wazi kwa mwanga, na mbele ya retina ya baba pana pazia jeupe. Tochi haipiti vizuri. Sauti inapita.

Altrasaundi ni sauti tu, mwanangu, ya juu mno kiasi kwamba sikio halisikii. Hakuna mionzi, wala haihusiani na eksirei. Kichwa cha mashine kinatuma sauti, inagonga vitu na kurudi, na mashine inachora picha kutokana na mwangwi huo. Jicho limejaa majimaji, na sauti hupenya majimaji kwa urahisi, ndiyo maana jicho linapimika vizuri mno, pengine kuliko kiungo kingine chochote. Tunatumia kile kichwa kilichonyooka cha kupimia mishipa na tezi la shingo, siyo kile kilichopinda cha tumboni, na hapa kaka yako yuko sahihi kidogo: cha wajawazito kweli hakitufai. Mgonjwa analala chali, anafumba macho, anapakwa jeli nyingi juu ya kope, na mkono wa mpimaji unaegemea kwenye mfupa wa uso ili kichwa cha mashine kisilikandamize jicho. Anayekandamiza anabana mishipa aliyokuja kuipima, kisha anaandika kwamba damu haipiti.

Kuhusu madhara, umeuliza vyema, kwa sababu jicho linahitaji upole ambao mguu hauhitaji. Pembeni ya kioo cha mashine kuna namba mbili, MI na TI, moja ya mtikiso na nyingine ya joto. Kwa jicho, kikomo kilichowekwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, nasi tunakifuata, ni 0.23 kwa ya kwanza na 1 kwa ya pili. Mashine nzuri ina mpangilio wake wa jicho unaoshusha nguvu yenyewe. Mpimaji makini huanza na mpangilio huo na hakawii. Jicho tusilolipima kwa namna hii ni lile lililochomwa au kupasuka kwa ajali, maana hilo hata uzito wa jeli na mkono ni hatari. La baba haliko hivyo.

Kitu cha kwanza anachokiangalia mpimaji ni umbo. Retina iliyobanduka inaonekana kama utando unaopepea ndani ya jicho huku ukishikilia nyuma kwenye neva. Damu iliyomwagika ndani, jambo tunaloliona sana kwa wenye kisukari, inaonekana kama vumbi linalozunguka mgonjwa akizungusha jicho. Yote mawili yanaweza kuzima jicho ghafla bila maumivu, na matibabu yake ni tofauti kabisa, kwa hiyo dakika mbili za kuyaondoa ni dakika zilizolipiwa kihalali.

Kisha anawasha rangi. Umewahi kusimama kando ya barabara ya Arusha na Moshi, basi likaja likipiga honi? Likikukaribia honi ni nyembamba, likishakupita inakuwa nzito. Christian Doppler wa Austria aliieleza kanuni hiyo mwaka 1842, na mashine zetu zinaitumia kwa damu: inayokuja mbele inapakwa nyekundu, inayokwenda nyuma inapakwa buluu. Katika jicho lenye afya, ndani ya ule mstari mweusi wa neva unaona nyuzi mbili zikiwa pamoja, nyekundu ya ateri na buluu ya vena, mshipa unaorudisha damu, na nyekundu inadunda na moyo. Kasi yake ni ndogo, karibu sentimita 10 kwa sekunde kwenye kilele cha pigo, kwa hiyo mpimaji lazima aishushe mashine isikilize mwendo wa pole. Asipofanya hivyo ataona hakuna kitu hata kwenye jicho linaloona vizuri. Ndiyo maana tunapima macho yote mawili kila mara. Jicho la kushoto la baba ndilo shahidi: kama pale nyuzi mbili zilionekana kwa mpangilio ule ule, na kulia hazikuonekana, basi maneno "mtiririko hauonekani" yana uzito.

Na kile kitone king'aavu. Hicho ndicho kilichonifanya nikuandikie kwa urefu, kwa sababu kimebeba habari ambayo hata jicho la daktari likitazama retina moja kwa moja linaweza kuikosa. Mara nyingi chenga hukwama pale ateri inapobanwa ndani ya neva, nyuma ya kile tunachoweza kukiona kwa kumulika. Altrasaundi inafika huko. Kitu kigumu, cha kolesteroli au chokaa, kinarudisha sauti kwa nguvu na kinaonekana kama nukta nyeupe ndani ya neva nyeusi. Donge laini la damu iliyoganda halirudishi sauti namna hiyo. Maana yake, kitone kinatuambia mambo mawili. Kwanza, kilichoziba kimesafiri kutoka mbali, hakikuzaliwa jichoni. Pili, huenda ni kitu ambacho dawa za kuyeyusha damu haziwezi kukiyeyusha, maana hizo zinavunja donge la damu, wala hazivunji chokaa. Wataalamu wa Ujerumani walioripoti jambo hili waliona kwamba ateri zilizokuwa na kitone zilifunguka kwa nadra.

Kuna faida ya tatu. Watu waliopita miaka 50 wanaweza kuzimika jicho kwa sababu ukuta wa ateri wenyewe umevimba, ugonjwa unaoshika ateri za kichwa. Huko hakuna chenga iliyosafiri, na kitone hakionekani. Kwetu si ugonjwa wa kila siku, lakini ukiukosa, jicho la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache, na tiba yake ni dozi kubwa ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe huo, bila kungoja. Ndiyo sababu huenda baba aliulizwa maswali yaliyoonekana ya ajabu: kichwa kinauma pembeni? Kukichana kunauma? Taya linachoka ukitafuna nyama? Kama hakuulizwa, muulizeni nyinyi leo, na jibu likiwa ndiyo, rudini hospitali leo hii mkaseme. Altrasaundi hiyo hiyo ikiwekwa kwenye kipaji pembeni huonyesha ateri iliyovimba ikiwa imezungukwa na duara jeusi. Lakini nikuambie wazi, baba akiwa na kitone, na shingo kama ilivyoandikwa, mzani umeegemea upande wa chenga.

Pasipoonekana kitone, usisome kwamba hakuna kilichoziba. Wagonjwa wengi wenye ugonjwa huu huu hawana kitone. Naandika hivyo kwa ajili ya wasomaji wengine wenye karatasi zao mkononi.

Twende shingoni. Mshipa mpana ukipata sehemu nyembamba, damu hukimbia ili ipite, kama maji ya mfereji yanapopita kwenye bomba jembamba. Kwa hiyo tunapima wembamba kwa kupima mbio. Kwa kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi tangu mwaka 2003, kasi ikizidi sentimita 125 kwa sekunde kwenye karotidi ya ndani, tunaamini nusu ya upana au zaidi imezibwa. Ikizidi 230, tunaamini asilimia 70 au zaidi. Ya baba ni 280, na ni upande ule ule wa jicho lililozimika. Huo ni ukingo uliobomoka. Ndani ya ukuta wa mshipa kuna utando wa mafuta na chokaa uliojengeka miaka yote ya presha, na huenda kipande chake ndicho kilichopanda jichoni. Mara nyingine wembamba ukizidi sana, tunaona hata damu ya ateri ya jicho ikirudi kinyumenyume, ikiazima kutoka mishipa ya uso ili ubongo usife njaa. Muulizeni daktari kama aliiangalia, maana mpimaji akiwa tayari yuko jichoni haimchukui muda.

Namba hiyo ndiyo iliyonishtua kuliko kitu chochote kwenye barua yako. Mwaka 1991 zilitoka habari za jaribio kubwa la Amerika ya Kaskazini kwa watu wenye karotidi iliyozibwa asilimia 70 hadi 99 ambao tayari walikuwa wamepata dalili kwenye jicho au ubongo wa upande huo. Waliotibiwa kwa vidonge peke yake, 26 kati ya 100 walipata kiharusi cha upande huo ndani ya miaka miwili. Waliosafishwa mshipa kwa upasuaji walikuwa 9. Vidonge vya siku hizi ni bora kuliko vya wakati ule, na si kila mzee anafaa kupasuliwa, lakini swali la upasuaji lazima liulizwe, na liulizwe mapema, kwa sababu faida yake ni kubwa zaidi ndani ya wiki mbili tangu dalili ianze. Kwanza watataka kuithibitisha hiyo 280 kwa CT ya mishipa, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta. Naomba mwende na neno hilo mdomoni: "Je, baba anahitaji CT ya mishipa ya shingo na kuonana na daktari wa upasuaji wa mishipa?" Msione haya kuuliza.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mchanga kwenye hospitali ambayo sitaitaja, alikuja mama wa makamo kutoka milimani. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika siku mbili kabla. Niliiona retina iliyopauka, nikaliona doa jekundu, nikaandika jina la ugonjwa vizuri kabisa kwenye kadi yake. Nikamwambia ukweli kwamba jicho halitarudi, nikampa miadi ya mwezi mmoja. Sikuigusa shingo yake, wala mapigo yake sikuyasikiliza kwa zaidi ya sekunde chache. Siku ya nne alirudishwa akiwa amelala nyuma ya gari, upande wa kulia wa mwili hauna nguvu na maneno hayatoki. Moyo wake ulikuwa unapiga bila mpangilio, na ulikuwa ukitupa madonge ya damu muda wote nilipokuwa nikimwandikia kadi. Tangu siku hiyo sijawahi kumwacha mgonjwa wa jicho lililozimika atoke mlangoni kabla sijajua shingo na moyo wake vikoje. Ninapomsikia mtu akisema eko ya moyo iachwe, namwona yule mama.

Kaka yako anaweza kujibu: kama shingo imeshaonyesha tatizo, moyo wa nini tena? Ni swali la haki. Lakini mfereji mmoja unaweza kubomoka ukingo na banio likawa bovu pia, na mzee wa miaka 68 mwenye presha ana kila sababu ya kuwa na vyote viwili. Na tiba zake hazifanani. Kwa mshipa wa shingo tunatumia aspirini au ndugu zake, pamoja na dawa ya kushusha kolesteroli. Kwa moyo unaopiga ovyo, aspirini haitoshi, zinahitajika dawa za kuzuia damu kuganda ambazo zina uangalizi wake. Tusipoupima moyo tunaweza kumpa baba dawa isiyo yake. Huku kwetu pia kuna valvu, milango ya ndani ya moyo, zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, watu wamezeeka nazo bila kujua, na eko ndiyo inayozionyesha. Eko nayo ni altrasaundi ile ile, ila imeelekezwa kifuani. Iambatane na kipimo cha umeme wa moyo, cha bei nafuu na cha dakika tano.

Mtu akiwa kijana, tungefikiria seli mundu, kaswende na mengine. Kwa baba nisiwarefushie.

Umeuliza kama ataona tena. Nitakujibu kama ambavyo ningependa nijibiwe kuhusu baba yangu. Retina ni mlaji mkubwa wa oksijeni inayoletwa na damu na haivumilii njaa. Sohan Singh Hayreh, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha kwa nyani wazee kwamba retina inaweza kustahimili kukosa damu kwa dakika 97 hivi bila kuharibika, na kwamba ikifika dakika 240, yaani muda wa saa 4, uharibifu ni mkubwa na haurudi nyuma. Baba alifika hospitali siku ya pili. Jicho lenye kitone na lisilo na mtiririko kwa muda huo haliwezi kutarajiwa kurudisha uoni wa kusoma au kutambua sura. Wachache wanabaki na uoni wa pembeni wa kuona mkono au kivuli, na watu wengine wamezaliwa na kamshipa ka ziada kanakolisha katikati ya retina na kuwaokoa. Muulizeni baba kama anaona chochote upande wa sikio. Kama anaona, ni akiba ya kushukuru.

Msijilaumu kwa ile Jumapili. Hata mngefika ndani ya muda wa saa 3 tangu jicho lizimike, tiba ya uhakika ni ngumu. Kulikanda jicho, kutoa maji ya jicho kwa sindano na kupumulia ndani ya mfuko vimefanywa kwa vizazi na havijaonyesha faida ya kuaminika. Jaribio la Ujerumani na Austria lililotangazwa mwaka 2010 liliingiza dawa ya kuyeyusha damu moja kwa moja kwenye ateri ya jicho. Uoni haukuwa bora kuliko wa waliotibiwa kawaida, na madhara yakawapata karibu 37 kati ya 100, wakati kwa wengine ni 4. Likasimamishwa. Kinachofanyika katika vituo vikubwa ni kumpa mgonjwa aliyewahi kabla ya muda wa saa 4 na nusu kupita tangu jicho lizimike dawa hiyo kwenye mshipa wa mkono, kama kiharusi cha ubongo, baada ya kumchagua kwa uangalifu. Haraka ninayoililia ni ya jicho kwa sehemu, na ni ya ubongo kwa sehemu kubwa zaidi, kwa kuwa hatari ya kiharusi iko juu mno katika wiki za mwanzo. Mnaisoma barua hii mkiwa ndani ya wiki hizo.

Kwa hiyo baba au yeyote nyumbani akizimika jicho, hata kama litarudi baada ya dakika kumi kana kwamba pazia limeshushwa na kupandishwa, au mdomo ukipinda, au mkono ukilegea, au maneno yakigongana, msipitie zahanati. Nendeni moja kwa moja hospitali yenye CT, usiku au mchana. Lile pazia la dakika kumi watu hulipuuza kuliko yote kwa sababu limepita lenyewe.

Jicho lenyewe halijamaliza kazi kwetu. Retina iliyokosa damu inaweza kuotesha mishipa mibovu kwenye duara la rangi mbele ya jicho, ikaziba njia ya maji, jicho likapanda presha, likawa jekundu lenye maumivu yasiyolalika. Hilo hutokea kati ya wiki chache na miezi kadhaa, na shingo iliyobanwa inaongeza uwezekano wake. Atazamwe na daktari wa macho kila baada ya wiki tatu au nne kwa miezi minne ya kwanza, hata kama haoni kitu kwa jicho hilo na haoni sababu ya kupanda gari kuja Moshi. Upasuaji wa mtoto wa jicho upande huo usubiri. Kuondoa pazia mbele ya retina iliyokufa hakutampa uoni, na kumlaza kwa upasuaji wowote usio wa lazima wakati huu wa hatari ni kosa. Jicho la kushoto ndilo tegemeo sasa, mtoto wa jicho wake upimwe, presha ya jicho ipimwe, na kama anavuta sigara au ugoro, mimi ningemwomba aache leo.

Eko muende nayo wiki hii. Siku hiyo baba anywe dawa zake za presha kama kawaida, ale, na mchukue karatasi ya jicho na ya shingo muwape wanaompima moyo, ili wajue wanatafuta nini. Kaka naye aende. Amwombe mpimaji amgeuzie kioo aone valvu zikifunguka na kufunga, kisha amuulize kila anachotaka kuuliza.